Mapacha Wawili, Mikono Miwili: Safari ya Chakula Nyarugusu na Yanayotuhusu Sisi wa Visiwani

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, mwenye watoto mapacha haulizwi kama kwenda kununua mahitaji ni kazi. Toroli la supamaketi lina kiti kimoja cha mtoto. Kurwa akishakaa, Doto akae wapi? Akibebwa mgongoni analia kwa sababu hamuoni mwenziwe. Kigari cha watoto wawili hakipiti baina ya rafu, na kikipita hakuna mkono wa tatu wa kusukuma toroli la bidhaa. Ukifika kwa keshia mmoja ameshalala, mwingine ndiyo kwanza ameamka na njaa. Na katikati ya yote hayo kila mpita njia anasimama kuuliza yupi mkubwa na yupi mdogo.

Mashaka hayo ni ya kweli na hatuyadharau. Hata hivyo, leo tunapenda kuwapeleka mbali na maduka ya Mjini, Chake Chake na Kilindoni, hadi nyanda za juu za Kigoma, ambako mama wa mapacha hana supamaketi, hana kigari, na pengine hana mume karibu. Tutaeleza anavyopata chakula, kisha tutazame masuala ya dini yanayomgusa yeye, na mwisho yale yanayotugusa sisi.

Nyarugusu ni wapi?

Kambi ya Nyarugusu ipo Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, jirani na Makere. Ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, wengi wao wakiwa wamevuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015, ulipotokea mgogoro wa kisiasa Burundi, maelfu ya Warundi waliingia Kigoma, na idadi ya watu wa Nyarugusu ikapita 150,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya wakazi wote wa Wilaya ya Mafia waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Kambi nyingine zilitumika kupunguza msongamano: Nduta iliyopo Kibondo, na Mtendeli iliyopo Kakonko, ambayo ilifungwa mwaka 2021.

Katika umati huo wamo Waislamu, zimo familia zilizokwisha kuzaa kizazi cha pili na cha tatu ndani ya kambi, na wamo mapacha. Mapacha si jambo adimu. Duniani kote, karibu mtoto mmoja katika kila watoto 42 wanaozaliwa ni pacha, na bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko mabara mengine. Warundi wamewawekea majina maalumu: wa kwanza kutoka huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na anayezaliwa baada yao huitwa Ciza. Ni kama kwetu tunavyosema Kurwa na Doto, au tunavyowaita Hassan na Hussein.

Hapa tukumbushane jambo moja. Wajukuu wa Mtume (s.a.w.), Hassan na Hussein, hawakuwa mapacha. Hassan alizaliwa mwaka wa 3 wa Hijra na Hussein mwaka wa 4. Kuwapa mapacha majina hayo ni vyema, lakini tusiwafundishe watoto historia isiyokuwa sahihi.

Chakula kinapatikanaje?

Mkimbizi nchini kwetu haruhusiwi kwenda mbali na kambi bila kibali, na mashamba ya kulima ni shida. Kwa hiyo tegemeo kubwa ni mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Kwa kawaida mgao huwa ni unga wa mahindi, maharage au jamii nyingine ya kunde, mafuta ya kupikia, chumvi, na unga wa lishe uliochanganywa mahindi na soya. Familia hupangiwa siku yake, hufika kwenye kituo cha ugawaji na kadi yake, na hupewa kwa kuhesabu watu walioandikishwa.

Tufanye hesabu ya mfano tu, ili tuelewe uzito wa jambo. Tuchukue familia ya watu sita: wazazi wawili, watoto wawili wa skuli, na mapacha wenye miezi sita. Ikiwa kila mtu atapata kilo 8 za unga na kilo 2 na nusu za maharage kwa mwezi, mzigo wa familia ni kilo 48 za unga na kilo 15 za maharage. Jumla ni kilo 63, kabla ya mafuta na chumvi. Mapacha wenyewe wa umri huo, kila mmoja akiwa na kilo 7, ni kilo 14 juu ya mwili wa mama. Mmoja yuko mgongoni kwa mbeleko, wa pili amefungwa kifuani. Kichwa ndicho kilichobaki, nacho hakibebi kilo 63.

Kwa hiyo mama wa mapacha hafanyi safari moja. Ama arudi mara mbili au tatu, huku akimuomba mtu amtazamie kilichobaki, ama amlipe mwenye baiskeli au mkokoteni. Fedha ya kulipa hana, kwa hiyo hulipa kwa sehemu ya unga wenyewe. Hivyo chakula cha mapacha kinaanza kupungua kabla hakijafika jikoni. Na mvua za Kigoma zinaanza karibu na Oktoba au Novemba hadi Mei. Udongo ule mwekundu ukishalowa, njia inateleza, na mama mwenye watoto wawili mwilini akianguka wanaanguka watatu.

Tena mgao wenyewe haukubaki vile vile. WFP ililazimika kuupunguza mwaka 2017 kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na mwaka 2023 ukashuka hadi nusu ya kiwango kamili. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mama anayenyonyesha mtoto mmoja anahitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku; mwenye mapacha anahitaji karibu mara mbili ya hizo. Msomaji apime mwenyewe: miili mitatu inategemea sahani moja, na mwaka 2023 sahani hiyo ilikatwa nusu.

Ndiyo maana unga wa lishe unaotolewa kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ni muhimu sana kwa mama huyu, na haifai uliwe na nyumba nzima. Ni kweli kwamba kumnyima mtoto wa miaka mitano anayeuona uji ukichemka ni mtihani, lakini uji ule ndio maziwa ya wale wawili.

Na soko je?

Mtu hali unga mtupu. Panahitajika sombe, yaani kisamvu kwa lugha ya ndugu zetu Wakongo, panahitajika dagaa wa Ziwa Tanganyika, nyanya, mawese, sabuni na kuni. Vitu hivi haviko katika mgao, kwa hiyo wengi huuza au hubadilisha sehemu ya chakula chao ili wavipate. Mwishoni mwa 2016 WFP ilianza Nyarugusu kuwapa baadhi ya familia fedha taslimu badala ya chakula, wakachagua wenyewe cha kununua. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2017. Nayo masoko ya pamoja, yaliyowakutanisha wakimbizi na wanavijiji, yamewahi kufungwa na kuwekewa masharti katika kambi za Kigoma. Soko linapobanwa, bei hupanda na mwendo wa kutafuta hurefuka. Anayeumia kwanza ni yule asiyeweza kutembea haraka, na mama wa mapacha ni mmoja wao.

Mambo ya kuzingatia kwa mama wa mapacha

Haya tunayataja kwa ajili ya Nyarugusu, lakini yanafaa hata kwa mama wa Mombasa anayekwenda supamaketi.

La kwanza ni kuandikisha. Mapacha ni watu wawili mbele ya sheria na mbele ya daftari. Kila mmoja apatiwe tangazo lake la kuzaliwa na aingizwe kwenye kadi ya familia mapema. Pacha asiyeandikishwa anakula mgao wa mwenziwe.

La pili ni kunyonyesha kabla ya kutoka. Mapacha wakishibishwa pamoja hulala pamoja, na mama hupata muda wa kupumua. Mwenye kuwazoesha kunyonya kwa wakati mmoja, huyu kulia na huyu kushoto, hupunguza muda kwa karibu nusu. Watalaamu wa afya wanasema maziwa ya mama peke yake yanatosha miezi sita ya mwanzo, hata kwa mapacha, kwa sababu kadiri watoto wanavyonyonya ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Tatizo huwa ni chakula na maji ya mama mwenyewe.

La tatu ni msaidizi aliyetajwa kwa jina. Kusema "watu watanisaidia huko huko" hakutoshi. Mama apange na jirani mmoja anayemjua: leo wewe nishikie Doto nipange foleni, na siku yako mimi nitabaki na wanao. Pia aulize mapema kituoni kama ndugu mzima wa familia anaweza kumchukulia, na kama wenye watoto wachanga wanapewa nafasi ya mbele. Kuuliza si kuomba upendeleo.

La nne ni kutowateremsha wote wawili katika umati. Mmoja abaki mwilini daima. Wakishaanza kutembea, wavalishwe rangi moja inayoonekana kwa mbali, kwa kuwa mapacha hukimbia kila mmoja upande wake, na jicho la mama haliwezi kwenda njia mbili.

La tano ni baba. Visiwani kwetu tumekuta wazee wetu wakienda sokoni na vikapu vyao, na mama akiletewa nyumbani. Desturi hiyo ni njema na tusiiache ife. Qur'ani katika Sura ya Al-Furqan inatueleza kwamba Mitume walikuwa wakila chakula na wakitembea masokoni. Mwanamume aliyepo na mwenye afya, akamwacha mke wake abebe watoto wawili na gunia kwa kuona kazi hiyo si ya wanaume, hana hoja katika dini.

Masuala ya dini

*Mkojo wa mtoto mchanga kwenye nguo.* Hili ni swali la kila siku kwa mwenye mbeleko, na zito zaidi pale maji yanapokuwa ya kupanga foleni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajaanza kula chakula zaidi ya maziwa, inatosha kunyunyiziwa maji mahali palipoingia. Msingi wake ni Hadithi ya Ummu Qays bint Mihsan iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa. Basi mwenye mapacha wa kiume na wa kike atofautishe. Na watakapoanza uji, wote wawili hukumu yao ni moja: kuosha.

*Sala kwenye foleni.* Asili ya sala ni kuisali kwa wakati wake. Wakati wa Adhuhuri ni mrefu, unaendelea hadi inapoingia Alasiri, kwa hiyo mama asiingiwe na hofu: anaweza kusali anapopata nafasi, hata pembeni ya kituo kwenye ardhi safi. Mtume (s.a.w.) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, akimuweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Kwa hiyo kumbeba mtoto ndani ya sala kunajuzu, maadamu mama hajui kuwa mtoto ana najisi mwilini au nguoni. Ama kukusanya sala mbili, wanazuoni wa Hanbali wamemruhusu mama anayenyonyesha anayepata tabu ya kujitwaharisha kwa kila sala. Anayelazimika siku moja moja asitiwe dhiki, lakini isiwe mazoea.

*Kuuza sehemu ya mgao.* Chakula alichopewa mtu na kikaingia mikononi mwake ni mali yake. Ushahidi ni kisa cha Barira, aliyepewa nyama ya sadaka kisha akaitoa zawadi, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa kwake ilikuwa sadaka na kwa waliopewa na yeye ni zawadi. Kwa hiyo kubadilisha unga kwa sabuni ya kufulia nguo za watoto, kwa asili yake, si haramu. Kinachokatazwa ni udanganyifu, kama kuandikisha mtu asiyekuwepo. Na kanuni za mahali pale zizingatiwe.

*Kufunga Ramadhani.* Anayenyonyesha akihofia afya yake, au yake na ya wanawe, anaruhusiwa kula na atalipa siku hizo. Akihofia watoto peke yao, kwa madhehebu ya Shafi'i atalipa na atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Asiyekuwa na cha kutoa kwa ufukara wake, Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

*Kuwafanyia uadilifu.* Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia zawadi ya baba wa Nu'man bin Bashir aliyetaka kumpa mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Kwa mapacha jambo hili huonekana mapema kuliko kwa watoto wengine. Hata hivyo uadilifu katika chakula ni kumpa kila mmoja kinachomtosha. Pacha aliyezaliwa mdogo na dhaifu akiongezwa uji kwa ushauri wa zahanati, hakuna dhulma hapo.

*Imani juu ya mapacha.* Katika nchi za Maziwa Makuu, kama ilivyokuwa hata pwani, zipo mila zinazodai mapacha huleta baraka za ajabu au balaa wasipofanyiwa mambo fulani. Mwislamu hana haja nazo. Sunna ni akika kwa kila mmoja wao, mwenye uwezo, na asiyekuwa na uwezo hana dhambi.

Sisi wa visiwani tufanye nini?

Kwanza, kwa aliye karibu yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumsaidia mtu kumpandisha mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake, ni sadaka. Mzigo wa leo ni mfuko wa unga, toroli la supamaketi au mtoto wa pili wa mama aliyeko mbele yako kwenye foleni. Kabla ya kumuuliza yupi Kurwa na yupi Doto, mpishe mbele na umshikie mkoba.

Pili, zaka. Je, yafaa zaka ya Unguja au Pemba ipelekwe Nyarugusu? Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi'i ni kuwa zaka igawiwe pale mali ilipo maadamu wapo wanaostahiki, na hapa kwetu wapo. Wapo wanazuoni wengine waliojuzisha kuihamisha kwa haja kubwa zaidi au kwa jamaa wa mtoaji. Kwa hivyo ushauri wetu ni huu: zaka itangulize mafukara wa mtaani kwako, au uipitishe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ama sadaka ya hiari haina mpaka wa bahari. Hiyo yaweza kufika Kasulu leo kupitia misikiti na taasisi zinazoaminika, baada ya kuhakikisha kuwa zina ruhusa ya kufanya kazi kambini.

Tatu, tupeleke kinachohitajika. Nguo zetu kuukuu haziwezi kuwa msaada wa kwanza kwa mama wa mapacha. Anachokosa ni sabuni, kitenge imara cha mbeleko ya pili, ndoo yenye mfuniko, chandarua na nauli ya mkokoteni siku ya mgao. Gharama ya mkokoteni mmoja ni ndogo, lakini inaokoa unga ambao ungelipwa njiani. Maziwa ya kopo tusiyapeleke kiholela: pasipo maji safi huwaharisha watoto, na mama akiacha kunyonyesha maziwa yake hukauka. Hayo yaachiwe wahudumu wa afya.

Nne, tulinde ndimi zetu. Mkimbizi hakuchagua kuacha shamba na nyumba yake. Masahaba wa Makka walikimbilia Uhabeshi wakahifadhiwa, kisha Madina wakashirikishwa riziki za wenyeji wao. Dini yetu ilisimama kwa kupokewa wakimbizi.

Tunamuomba Allah awape nguvu mama zetu wote wanaolea wawili kwa pamoja, awalinde watoto wao, awarejeshe makwao kwa amani walio ugenini, na atujaalie sisi tuwe mkono wa tatu kwa yule mwenye mikono miwili tu. Amin.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.